Mtani wa Erasmus

Matogoro, Songea
18 Februari 2024

Mwanangu Agape,

Pokea salamu kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Ningesema ni salamu za mbali, lakini Nakapanya si mbali, ni wewe umeifanya iwe mbali. Sisi tu wazima. Mvua za mwaka huu zimezidi, mahindi ya bondeni yamelala na ya juu yamesimama, basi tutakula ya juu. Binti yangu Careen amejifungua mtoto wa kike, mweusi kama bibi yake na sauti kama ya kengele ya kanisa la Peramiho. Mguu wangu unaniuma kukiwa na baridi tu, kwa hiyo namshukuru Mungu kwa siku zilizobaki.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia unapokea, unasema shikamoo shangazi, halafu unanyamaza mpaka salio langu linakwisha. Juzi nilidhani mtandao umekata nikaitingisha simu, kumbe upo, nakusikia unapumua. Kwenye karatasi mtu hawezi kupumua tu, lazima aseme neno. Barua hii nimempa Salum, konda wa basi la Tunduru, na ukijibu umpe huyohuyo.

Jambo lenyewe ni kaburi la kaka yako. Mwezi wa kumi Erasmus atatimiza mwaka. Ukoo umekaa na kukubaliana kwamba siku hiyo tusome misa, tujenge kaburi kwa saruji na tuweke msalaba wa kudumu, watu wapate chakula, msiba ufungwe. Fundi ameshapatikana. Anayekataa ni mmoja tu, na ndiye mwenye mtoto. Baba yako anasema saruji haiwekwi juu ya mtu ambaye hajazikwa.

Unajua anachomaanisha. Siku ile ya mazishi yule mtani wetu Myao, Bashiru, aliyesoma chuo na Erasmus, alikuja amevaa koti la mvua la marehemu, mbele nyuma. Akashuka kaburini akajilaza kujipima, akalalamika kwamba shimo ni dogo na Erasmus anakoroma, atawasumbua majirani wa pande zote mbili. Mimi ndiye niliyewaambia vijana wamtoe. Nilisema hapa si mahali pa vichekesho. Alitoka, akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya udongo, akaondoka. Tukamzika Erasmus kwa ustaarabu na nyimbo nzuri za kwaya.

Baba yako, kaka yangu Bartholomeo, ni mpole, lakini neno lake ni kama kisiki shambani, unalizunguka tu na jembe lako. Wewe ndiye mtoto aliyembakia, na tangu mama yenu atangulie anakusikiliza kuliko sisi wote. Njoo uzungumze naye. Au mwandikie. Ukishindwa hilo, niandikie mimi.

Ni mimi shangazi yako,
Brigita


Nakapanya, Tunduru
7 Aprili 2024

Shangazi, shikamoo.

Natumaini wote hamjambo. Hongera kwa Careen. Mimi mzima. Nisamehe kuchelewa. Barua yako ilikaa mezani, nilikuwa naipangusa vumbi pamoja na meza.

Shuleni kunaendelea. Nafundisha jiografia vidato vitatu. Wiki iliyopita somo lilikuwa mito, nikachora Ruvuma ubaoni kutoka Matogoro mpaka baharini. Wewe unajua kwamba Erasmus alinipeleka pale unapoanzia, tulipokuwa wanafunzi, tukanywa maji yake kwa jani. Nilimaliza kuchora, nikapiga mstari chini ya kichwa cha habari, nikaita jina la anayefuata kusoma. Sikukumbuka chochote mpaka jioni, na nilipokumbuka pia haikuwa kitu.

Kuhusu baba sina la kumwambia. Sijui kama ana haki au hana. Mnaweza kujenga, mnaweza kuacha.

Shangazi, sikatai kuongea nawe. Mtu akikalia mguu wake muda mrefu unakufa ganzi, ukiugusa unajua ni mguu wako lakini huusikii. Mimi ndivyo nilivyo mwili mzima. Nakula, nalala, chaki nashika. Kwenye mazishi watu waliniangalia kwa kuwa sikulia, na najua mlisema. Nilikuwa nangoja, nikidhani itakuja kesho yake.

Erasmus aliteleza kwenye miamba ya milima ya Livingstone akasimama. Alilala porini Namtumbo tembo wakivunja matawi karibu yetu. Aliogelea ziwani Liuli kulizunguka jiwe la Pomonda siku yenye mawimbi, na wavuvi wakamtukana. Kisha lori likamgonga pale Msamala akiwa juu ya bodaboda na mtungi wa gesi mapajani, anakwenda kubadilisha ili mpike chai. Najirudia-rudia hilo kichwani ili niumie. Siumii.

Bashiru yuko hapahapa Nakapanya. Ana duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki karibu na stendi. Ananiona kila ninapopita na mimi namwona. Akiniona anaingia ndani.

Msalimie baba.

Agape


Matogoro
28 Aprili 2024

Agape mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara moja nikaiweka chini ya Biblia, sitaisoma tena. Nashukuru umeandika. Hapa tumeanza kuvuna maharage. Mbuzi wa baba yako amekula taulo la Careen likiwa kwenye kamba, na mwenye mbuzi anasema kosa ni la kamba.

Umeniambia Bashiru yuko hapo kana kwamba unaniambia bei ya sukari. Sasa na mimi nikuambie kwa nini nilimtoa. Walikuja watu wa ofisi ya Erasmus kutoka Dodoma, wamevaa suti nyeusi, wengine Wachaga, wengine Wagogo, na bosi wao ana miwani ya dhahabu. Niliwaona wanaangaliana. Nikaona haya kwa niaba yetu sote. Nikajiuliza watasema nini huko waendako, kwamba Wangoni wanacheza ngoma ya lizombe juu ya maiti? Ningekuwa peke yangu na watu wa nyumbani ningemwacha afanye. Siombi radhi, nakueleza tu.

Ila nimefikiri. Wayao na sisi ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana, na mtani ana kazi yake msibani kama padri alivyo na yake. Mama yangu alipokufa mtani mmoja aliiga alivyokuwa akitugombeza, nikacheka kilio kikiwa kooni, vikatoka vyote pamoja. Hilo nalikumbuka vizuri, ingawa sikupenda kulikumbuka mwaka jana.

Kwa hiyo namtuma Salum na jogoo. Ni mwekundu, ana afya, amefungwa miguu. Mpelekee Bashiru, mwambie shangazi yake Erasmus anamsalimu na anamwomba mwezi wa kumi asikose. Usiongeze maneno. Najua hutaongeza.

Shangazi Brigita


Nakapanya
16 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Hamjambo huko? Baridi ya Matogoro sasa itakuwa imefika. Huku mikorosho imeanza kuchipua na watu wanauliziana dawa ya kupulizia.

Nilimpeleka jogoo. Bashiru alitoka nyuma ya kaunta, akamwangalia, akanisikiliza mpaka mwisho. Hatukuwa tumezungumza tangu mazishi. Akasema jogoo huyu hana kosa lolote na hajui chochote, arudi kwao. Akasema aliyemfukuza alikuwa na kilemba cha kitenge na miguu miwili, na miguu hiyo bado ipo. Mtani akifukuzwa anafuatwa na aliyemfukuza, hatumiwi kuku na konda.

Hakusema kwa hasira. Alinipa kiti nikakataa.

Salum amekataa kumrudisha jogoo, anasema alichafua basi. Yuko hapa kwangu. Mwalimu mwenzangu Zulfa, tunayeishi naye nyumba moja, anampa pumba. Anawika kabla ya adhana na Zulfa anasema ameshajua kazi yake. Mimi namsikia tu.

Nimechelewa tena. Sina sababu ya kukupa.

Agape


Matogoro
4 Agosti 2024

Agape,

Salamu nyingi. Baba yako hajambo, anauliza habari zako kwa kuniuliza kama Tunduru kumenyesha, nami namjibu kwamba hali ya hewa ni nzuri. Sisi wazee tunajua kuulizana.

Nilikuja Nakapanya, na unajua nilikuja. Nilimtanguliza Salum na ujumbe kwamba nitafika Jumamosi. Nikafika na kikapu changu, Zulfa akanipokea vizuri sana, akanipikia uji wa karanga, akasema umekwenda Tunduru mjini kwenye semina. Sikuuliza ni semina gani hiyo ya Jumamosi. Nilikaa kitandani pako kidogo. Kitanda kimetandikwa vizuri mno, mtu angedhani hakilaliwi. Nikaondoka na jogoo wangu chini ya kwapa kwenda kumtafuta Myao.

Sasa sikiliza yaliyompata shangazi yako. Bashiru aliponiona alisimama, akaniamkia shikamoo kwa heshima zote, akanikalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, na viti vipo. Akaita wateja. Akasema, jamani, huyu ni Mngoni aliyekuja mwenyewe, hamjawahi kumwona wa namna hii, mtazameni. Akanitaka niseme mbele yao nilichomfanyia. Nikasema. Akauliza kama nilimfukuza kwa mdomo au kwa fagio. Nikasema kwa mdomo. Akasema basi adhabu ni fagio, akanipa, nikafagia mbele ya duka. Mimi, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya, nafagia kwa Myao, na watu wanakanyaga taka zangu makusudi! Nilipomaliza alipokea jogoo kwa mikono miwili, akafuta uso kwa shati. Hapo ndipo nilipoona kwamba na yeye alikuwa amefiwa, na hatukuwa tumempa pole.

Amekubali kuja. Ila ana neno, na neno hilo ni lako. Anasema Erasmus anayemjua yeye ni wa chuoni, kijana wa kupanda Matogoro kwa kandambili na kutembea mpaka Peramiho kwa miguu ili waokoe nauli wakanunue mishikaki. Baada ya hapo yeye alirudi kusimamia duka la baba yake, na Erasmus alipoanza kazi safari zake alizifanya na wewe. Mtani hawezi kuiga mtu wa miaka ishirini na kumwacha yule aliyekufa. Anataka umweleze. Si mazuri, mazuri padri atayasema. Anataka vituko vyake, woga wake, uchoyo wake, alivyotembea akiwa amechoka.

Mimi siyajui hayo. Baba yako hayajui. Mlikuwa mkirudi na matope mpaka magotini na kusema safari ilikuwa nzuri. Ni wewe tu, mama. Kama humwambii, atakuja kutuigia mtoto, na baba yako atajua kwamba siye.

Shangazi yako


Nakapanya
22 Septemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Hamjambo wote. Samahani kwa ile Jumamosi. Nilipanda gari mpaka Tunduru, nikakaa stendi, nikarudi.

Nimemwambia Bashiru. Nilikwenda dukani baada ya vipindi na Zulfa akanisindikiza kwa kuwa hakutaka niende peke yangu. Nilizungumza kama ninavyofundisha, kwa mpangilio. Bashiru alikuwa anakaza spoku za gurudumu na hakunitazama, na hiyo ilisaidia.

Nilimwambia kwamba Erasmus alipokuwa na hofu ndipo alipozungumza sana. Tulipolala porini Namtumbo, alikuwa ametumwa na ofisi kupima vyanzo vya maji, nami nilikuwa likizo nikamfuata. Tembo walipokuja alianza kunieleza jinsi pampu ya mkono inavyofungwa, hatua kwa hatua, kwa sauti ya chini, mpaka wakaondoka. Hadi leo najua kufunga pampu.

Nilimwambia kwamba karanga alificha. Maji aliwapa watu wote, hata mzigo wako angekubebea, lakini karanga aliweka kwenye soksi chini ya begi na kula akijifanya anafunga kamba za buti. Nilimwambia kwamba kwake kila kilima kilikuwa cha mwisho. Tulipovuka milima ya Livingstone kushuka ziwani alisema tumekaribia tangu asubuhi. Mvua ikatukuta juu, ukungu ukaja, tukalala katika darasa la shule ya kijijini juu ya madawati yaliyounganishwa. Asubuhi ukungu ukainuka, na ziwa lote likawa pale chini, la bluu, karibu kiasi cha kutupa jiwe. Akasema, si nilikuambia. Nilimpiga na kofia.

Yapo mengine nimemweleza ambayo sitaki kuyaandika.

Nilipokuwa nasimulia, Bashiru alicheka mara mbili. Zulfa alilia, na Zulfa hakumjua kaka. Mimi nilikunywa soda niliyopewa nikarudisha chupa. Niliona kana kwamba nasoma habari za mtu ambaye ningependa kumfahamu.

Shangazi, sitakuja mwezi wa kumi. Usinikasirikie, na ukikasirika pia ni sawa. Naogopa kusimama pale mara ya pili, watu wote wanalia, mimi natazama viatu vya watu. Mara ya kwanza nilivihesabu vyote. Bashiru nimempa kila kitu nilichokuwa nacho, aje nacho yeye.

Mwambie baba niko kwenye usahihishaji.

Agape


Matogoro
20 Oktoba 2024

Mwanangu,

Sikumwambia baba yako habari za usahihishaji. Nilimwambia huwezi, akasema anajua. Sikukasirika. Nilikasirika siku moja tu, Jumanne, ikapita.

Sasa kaa chini nikueleze, maana wewe ndiye uliyepika chakula hiki na hukukila.

Misa ilisomwa vizuri. Walikuja Wandendeule wa upande wa mama yenu, walikuja majirani wote, na kutoka ofisi ya Erasmus walikuja wawili, bosi wa miwani ya dhahabu na kijana mmoja. Baba yako alikuwa amekubali mafundi walete mchanga na saruji, lakini alikaa kwenye kiti karibu na kaburi na fimbo yake magotini, hakuna aliyethubutu kugusa koleo. Tulimngoja Bashiru. Nilikuwa nimempelekea buti za Erasmus, koti, kofia na begi kupitia kwa Salum.

Tukamwona anapita barabarani. Kavaa vyote. Bega la kushoto amelipandisha kidogo, begi limelalia upande mmoja, anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani, na yeye ni Mwislamu. Nilishika mkono wa Careen. Kwa mbali ungedhani ni Erasmus mwenyewe.

Akapita. Hakuingia. Akaenda mpaka kwa jirani, tukamsikia anawaamkia watu kwa furaha, akanunua ndizi, akarudi, akapita tena upande wa pili. Nikamuuliza Careen, huyu amesahau nyumba? Akaenda kwa jirani wa chini, akaamkia, akauliza habari za mahindi, akanunua ndizi nyingine. Ndipo yule kijana wa ofisini akaanza kucheka. Alicheka mpaka akachuchumaa. Akasema, mama, huyo ni Erasmus, hata Dodoma alikuwa hivyohivyo, akipotea hamuulizi mtu njia ng'o, ananunua kitu na kupiga soga mpaka mwenyewe aulizwe anakokwenda. Bosi akavua miwani yake akaifuta, akasema siku moja walikwenda Kondoa wakarudi na matikiti gari zima.

Basi watu wakaelewa, na kicheko kikapita kama moto wa nyasi. Bibi zako walicheka wakishikana mabega. Mimi nilicheka nikalia, na sikumwonea haya mtu yeyote. Bashiru akaingia uani kwa mlango wa jikoni na ndizi mikononi, akatuambia sote kwamba tumekaribia, ni nyuma ya kilima hiki tu. Akakaa karibu na udongo wa kaburi, akajifanya anafunga kamba za buti na kutafuna karanga. Kisha akaanza kulielezea lile kaburi namna pampu inavyofungwa, hatua kwa hatua, kwa sauti ya chini, na hapo kicheko kikaisha chenyewe, maana wengi wetu hatukujua kwa nini anaeleza hivyo, lakini tulisikia kwamba anaogopa.

Halafu akainuka akaenda kusimama mbele ya baba yako. Akamwamkia. Akampa ndizi. Akasifu hali ya hewa. Akangoja. Baba yako akamtazama kuanzia buti mpaka kofia.

Akamwuliza, "Kijana, unakwenda wapi?"

Bashiru akasema, "Nakwenda kwa Mzee Bartholomeo. Nimepotea kidogo."

Baba yako alimjibu. Kisha mafundi wakaanza kazi, na kabla ya saa ya chakula msalaba ulikuwa umesimama. Tulikula wali, nyama na mboga za likolo, togwa ilitosha, na jogoo yule mwekundu Bashiru alimchinja mwenyewe, akasema nyama yake ni ngumu kama aliyemleta.

Ni hayo. Mguu unauma lakini si sana.

Brigita


Nakapanya
3 Novemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeipokea Ijumaa mikononi mwa Salum na nimeisoma nimesimama stendi.

Kaka yangu hakuwahi kusema amepotea. Hilo sikumwambia Bashiru mimi. Nilimwambia habari za ndizi, ndiyo, na za kungoja aulizwe, na ndizo nilizokataa kukuandikia kwa sababu nilitaka nibaki nazo. Lakini neno hilo halikuwahi kutoka mdomoni mwa Erasmus. Kule Livingstone ukungu ulipotufunika, siuoni hata mkono wangu, nilimwambia tumepotea, akasema hapana, tunazunguka. Maisha yake yote alikuwa anazunguka. Kwa nini mtu amwekee maneno mdomoni mbele ya baba, wakati hawezi kujibu?

Nilivuka barabara na begi la vitabu begani nikaingia dukani na kumgombeza Bashiru mbele ya wateja. Sijui niliyosema yote. Nilimwita mwongo. Nilisema nilimpa kaka yangu mzima naye amenirudishia mwingine. Sauti yangu ilitetemeka nikashangaa, nikaendelea tu kwa sababu ilikuwa inatetemeka. Wanunuzi wa korosho waliacha mizani yao wakaja kuangalia. Yeye aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi.

Akasema, "Sasa ulitaka nimwache hukohuko njiani, Mngoni wewe?"

Shangazi, nimelia. Nililia nimekaa juu ya ndoo, nadhani ni ileile yako. Nililia mpaka Zulfa akaitwa, na nyumbani nikaendelea, na jana pia, na leo asubuhi nikiwa napiga mswaki. Kichwa kinaniuma na macho yamevimba, mkuu wa shule amenipa ruhusa akidhani ni malaria. Inauma sana. Sikujua kwamba itauma hivi, ningejua labda ningeendelea kukaa kimya. Hapana, nadanganya.

Nina hasira na lori. Nina hasira na gesi. Nina hasira na wewe uliyemtuma akabadilishe mtungi, na najua huna kosa, na bado ninayo, naomba univumilie nayo kidogo.

Nakuomba kitu kimoja. Umeniandikia mluzi, umeniandikia matikiti ya Kondoa, umeniandikia hadi nyama ya jogoo. Umesema baba alimjibu. Hukusema alimjibu nini.

Agape


Matogoro
10 Novemba 2024

Agape mwanangu,

Hasira yako nimeipokea. Itakaa hapa kwangu muda wowote utakao, hata mimi ninayo kama hiyo, ya mtungi uleule.

Sikukuandikia kwa sababu mkono ulikataa. Nimejaribu tangu juzi. Leo nimemwita Careen akae karibu yangu.

Bashiru aliposema amepotea kidogo, baba yako aliweka fimbo chini. Akasema, "Umeshafika, mwanangu. Vua viatu."

Bashiru hakutegemea hilo. Alisimama tu, hakuweza hata kuinama. Basi baba yako akatoka kwenye kiti, akapiga magoti mchangani na magoti yake yale, akamfungua kamba yeye mwenyewe, buti moja kisha nyingine.

Shangazi yako,
Brigita